Jamaa wa Chamazi na Kadi ya Hasheem Thabeet: Saini ya Kweli au Chumvi?

Kuna jamaa mmoja anaishi Chamazi, sio mbali na uwanja wa Azam Complex. Mtaani kwao stori ni soka tu, lakini yeye ndani, kwenye kava la kitambulisho cha NIDA, ametunza kadi ya kikapu ya Hasheem Thabeet yenye saini. Ndiyo, yule yule Mbongo aliyechaguliwa namba 2 kwenye drafti ya NBA 2009 na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden na Stephen Curry.

Kadi aliachiwa na kaka yake, ambaye sasa ni marehemu. Kaka alikuwa anasimulia kwamba alikutana na Thabeet mjini, akampa kadi na peni, na lile jitu refu likainama likasaini. Shida moja: kaka alikuwa mtu wa chumvi. Ukoo mzima unajua.

Kodi ya miezi 6 ilipombana, akaipiga picha kadi, akaitupia mtandaoni. Mnunuzi kutoka Marekani akauliza kitu kimoja tu: imethibitishwa?

Ndipo akajifunza. Kule kuna kampuni kama PSA, iliyoanza 1991. Unatuma kadi, wanakagua pembe, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati, halafu wanaipa alama 1 hadi 10. Saini nayo inalinganishwa na nyingine za mtu huyo huyo: mkono ulivyotembea, ulipokandamiza, uliposita. Ikipita, kadi inafungiwa kwenye plastiki ngumu yenye namba ambayo yeyote anaweza kuihakiki mtandaoni. Ikigoma, ada ndiyo imeenda.

Akapiga hesabu: ada, posta kwenda na kurudi, bima. Thabeet sokoni siyo Curry. Akawaambia washkaji biashara hailipi.

Dada yake akamcheka. "Mdogo wangu, hela ungekopa. Wewe unaogopa jibu."

Akanyamaza. Maana wakisema saini ni feki, atakuwa amemzika kaka mara ya pili.

Kodi akalipa kwa mkopo wa kikoba. Kadi ikarudi kwenye kava. Wageni wakiiulizia, anasimulia yote, mpaka pale Thabeet anapoinama. Na siku hizi hata yeye anaongeza chumvi kidogo.

Ungekuwa wewe, ungeituma?