Shamba Katika Gunia

Wengi wetu siku hizi twakaa mijini, katika vyumba vya kupanga, na uani mwetu hapana hata nafasi ya kutandika mkeka mmoja bila kuzuia njia ya jirani. Mtu akitutajia habari za bustani twacheka, twasema, "Bustani ni ya wenye mashamba." Hata mimi nalisema hivyo. Leo nataka kuwaeleza jinsi tulivyopata shamba kando ya ukuta wetu, lisilozidi upana wa sinia, na jinsi shamba hilo lilivyonitoa katika kosa nililokuwa nikimkosea mama yangu kwa nia njema.

Baba yangu alifariki mwaka 2018, huko kwetu milimani Usambara. Mama akabaki peke yake nyumbani, na goti lake la kulia lilikuwa limeanza kumsumbua, hata hakuweza tena kushuka bondeni na kupanda kila siku. Basi mwezi wa Januari 2019 nalikwenda kumchukua, nikamleta kwangu Dar es Salaam, ninapofundisha. Nalimpa chumba cha watoto, nikamnunulia godoro jipya, nikawaonya watoto wasimwache ashike ufagio wala sufuria. "Bibi amelima miaka hamsini," nikawaambia, "sasa apumzike." Nalijiona mwana mwema sana.

Mama akapumzika. Siku za kwanza alizungumza na wajukuu na kucheka nao. Baadaye akawa akikaa kizingitini tangu asubuhi hata adhuhuri, mikono mapajani, akiutazama ua wetu wa saruji. Sugu za mpini wa jembe zilizokuwa viganjani mwake zikaanza kulainika na kubambuka. Chakula akala kidogo tu. Jioni moja nikamwuliza, "Mama, wapungukiwa na nini?" Akanijibu polepole, "Mwanangu, watu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nina miezi minane hapa. Jembe langu li wapi?" Nikacheka, nikidhani afanya mzaha. Yeye hakucheka.

Wiki ile ile mke wangu, alipokuwa akifagia, alikuta furushi chini ya kitanda cha mama. Nguo zake zote zilikuwa zimefungwa katika kanga, tayari kwa safari. Nikamwendea, nikasema naye kwa ukali ambao mpaka leo wanichoma moyoni. Nikamwambia kwamba nyumba ya kijijini imefungwa, hapana wa kumtekea maji, goti ni bovu, na kwa hiyo haendi mahali popote. Hakunijibu neno. Nikatoka chumbani nikijua ya kuwa nimeshinda, wala sikuona furaha yo yote katika kushinda kule.

Siku zile nalimweleza jambo hili mwalimu mwenzangu aliyewahi kukaa Nairobi. Akanisimulia habari za Kibera, mtaa wenye watu wengi na nyumba zilizobanana sana. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 katika Kenya, chakula kilikuwa taabu kwa watu wa mtaa ule. Na mwaka 2008 shirika moja la Kifaransa, liitwalo Solidarités, likaanza kuwasaidia kulima mboga katika magunia yaliyosimamishwa karibu na milango yao. Gunia hujazwa udongo, na miche hupandwa si juu tu, bali na ubavuni pande zote, katika matundu madogo. Hivyo mahali pa kuweka kiti kimoja huotesha mboga za tuta zima. Akamaliza akisema, "Ukikosa nafasi ya kulaza shamba, lisimamishe."

Sikumwambia mama neno. Nalitaka kumfurahisha ghafula, na kwa kweli nalitaka kusifiwa pia. Nikachukua kiroba cha zamani kilichokuwa kimekaa juani muda mrefu, nikakijaza mchanga niliouzoa kando ya barabara, nikakiegemeza ukutani, nikapanda miche thelathini ya mchicha, nikawa nikimimina maji juu kila siku. Wiki ya pili miche ya juu ilikuwa imeoza kwa maji mengi, na ile ya chini imekauka kama tumbaku. Maji hayakufika chini. Yalipata njia yao ubavuni, yakaulowesha ukuta. Mwenye nyumba akaja, akauona ukuta umefanya ukungu, akanena maneno nisiyo na haja ya kuyaandika. Siku mbili baadaye kiroba chenyewe kikapasuka, na mchanga wote ukamwagika mbele ya mlango wa jirani.

Nalikuwa nimeinama nikiuzoa kwa koleo niliposikia mkongojo wa mama nyuma yangu. Akainama kwa shida, akachukua konzi ya mchanga ule, akaufinya, akaunusa.

"Huu si udongo," akasema, "ni vumbi la motokaa. Ni nani aliyekufundisha kupanda?"

"Ni wewe, mama."

"Basi hukusikiliza."

Ndipo akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, ingawa mwenye mlango alikuwa akinitazama. Tangu saa ile kazi haikuwa yangu tena. Mama alikuwa msimamizi, nami kibarua. Naandika hapa jinsi alivyoniagiza, ili ninyi msirudie makosa yangu.

Kwanza ni mbegu. Mama alitaka beseni bovu, nikalitoboa kitako na kulijaza udongo mwepesi, ili asie mbegu humo kabla ya kulishughulikia gunia. Nikamwambia nitakwenda dukani kununua mbegu. Akasema, "Ngoja." Akaingia chumbani, akalivuta lile furushi, akalifungua juu ya kitanda, akatafuta pindo la kanga. Palikuwa na fundo dogo, na ndani yake mbegu za mnavu, ndogo kama punje za mchanga. Alizifunga siku ile nilipokwenda kumchukua. Miezi minane zilikuwa zikingoja chini ya kitanda, wala mimi sikuuliza amekuja na nini. Mnavu tukausia upande mmoja wa beseni, na mchicha na sukuma wiki upande wa pili.

Pili ni udongo. Tulinunua kwa wauza maua wa kando ya barabara, tukachanganya madebe mawili ya udongo mweusi, debe moja la samadi, na debe moja la mchanga safi. Samadi sharti iwe imeoza sawasawa, isiyo na moto wala harufu kali, maana samadi mbichi huunguza mizizi. Tena msichukue udongo wa kando ya barabara kuu wala wa jalalani, kwa kuwa huweza kuwa na risasi na sumu nyingine, nazo huingia katika chakula.

Tatu ni gunia na nguzo yake ya mawe, nayo ndiyo siri ya kazi yote. Chukua gunia zima, lisilolika kwa jua, likunje mdomo kwa nje, ulisimamishe juu ya matofali, shubiri moja mbali na ukuta. Weka tabaka la kokoto chini. Kisha chukua kopo kubwa lililotolewa kitako na kifuniko, ulisimamishe katikati ya gunia, ulijaze kokoto. Pande zote za kopo jaza udongo. Udongo ukifika ukingo wa kopo, livute juu polepole, kokoto zibaki. Lijaze tena, na udongo tena, mpaka gunia lijae. Hivyo nguzo ya mawe hutoka juu hata chini katikati ya gunia. Umwagiapo maji juu ya mawe, hushuka na kuenea ndani, na miche ya chini hunywa sawasawa na ya juu. Mimi nalikuwa nimesikia habari za nguzo hii, nikaona ni taabu bure. Na miche yangu ya chini ikanihukumu.

Nne ni kupanda. Lowesha gunia, uliache siku mbili tatu mpaka udongo utulie, na palipobonyea ujaze. Ndipo upasue matundu ubavuni kwa kisu, kila tundu upana wa vidole viwili tu, maana tundu kubwa humwaga udongo. Kati ya tundu na tundu acha shubiri moja, na safu ya juu isikae sawa juu ya ile ya chini, bali ipishane nayo. Miche ikiwa na majani manne au matano ihamishe jioni, jua likiisha nguvu, na mizizi uisukume ndani kwa kidole bila kuikunja. Sisi tuliweka matembele katika matundu ya chini, kwa kuchomeka marando ya viazi vitamu, kwa sababu hutambaa na kuteremka. Juu yake tulipanda mchicha na sukuma wiki, na mnavu karibu na mdomo. Na juu kabisa nyanya mbili na mche mmoja wa pilipili.

Siku ya kuhamisha miche jua lilikuwa kali mno. Mama akasema miche yataka kivuli siku chache. Nikauliza tutumie nini. Akaleta ile kanga ya furushi, tukaifunga juu ya vijiti vinne. Nguo zake zikabaki kitandani. Mke wangu akazikunja, akaziweka kabatini, wala hapana aliyesema neno.

Tano ni utunzaji. Wakati wa jua kali gunia moja hunywa ndoo ndogo ya lita kumi kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni; siku za mvua yatosha kutia kidole katika udongo na kuona kama una unyevu. Maji ya kuoshea mchele na mboga twayamwaga humo. Ya sabuni hatuyatii. Lizungushe gunia mara kwa mara, ili kila upande uone jua. Vidukari wakija chini ya majani, mama huwafuta kwa vidole, au huwanyunyizia maji yaliyolowekwa majani ya mwarobaini usiku kucha. Na mchicha msiung'oe. Ukateni juu ya vifundo vya chini, nao utachipua tena.

Wiki ya nne tulikata mchicha wa kwanza. Mama aliupika mwenyewe, kwa moto wa haraka, maji kidogo, tena hakuyamwaga, akatukamulia ndimu juu yake. Nalikuwa nikidhani ni ladha tu. Kumbe mboga za majani mabichi zina madini ya chuma yajengayo damu, na ukali wa ndimu huusaidia mwili kuyapokea. Zina pia vitamini A ifaayo macho ya watoto. Mnavu ulikawia zaidi. Ulipoiva mama alikula bila kusema, kisha akasema ni mchungu kidogo kuliko wa kwetu, kwa sababu ya joto la huku. Akaomba kuongezewa.

Sitaki kuwadanganya. Magunia yetu, ambayo sasa ni matatu, hayatulishi. Yatupa mboga siku mbili au tatu katika juma, na siku nyingine twanunua sokoni kama watu wote. Goti la mama halikupona, na kwao angali akipakumbuka. Mwezi wa Desemba 2019 nalimpeleka Usambara akae mwezi mmoja na ndugu zake. Siku ya tisa akanipigia simu. Sikusikia hata salamu, aliuliza tu, "Magunia yangu ayamwagilia nani?" Baada ya juma mbili akarudi mwenyewe kwa basi, na pindo la kanga limefungwa mbegu mpya.

Majirani wawili wamejifunza kwake, nao humwita mwalimu, jambo linalonipa wivu kidogo. Mwenye nyumba alikuja kuukagua ukuta, akauona mkavu, kwa kuwa magunia yamesimama mbali nao. Akaondoka na fungu la mnavu katika gazeti. Na mama amepata jembe lake. Ni kijiko kikuukuu cha chakula, kwa kuwa gunia halitaki jembe kubwa kuliko hilo. Hukitundika msumarini penye mlango, na mtoto akikichezea hukemewa.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani mwako yuko mzee akaaye kizingitini tangu asubuhi, nawe waona umemheshimu kwa sababu umemwondolea kila kazi, tazama mikono yake. Kisha muulize amekuja na mbegu gani, nawe ukatafute gunia.