Mapanki na Mgongo Wazi: Filamu za Mwezi Mmoja

Katika masomo yetu ya fasihi filamu aghalabu hupewa aya moja, baada ya tamthilia, kisha mhadhiri hupita. Ilhali watu wengi wa Migori na Homa Bay wanaosikiliza Kiswahili kwa hiari yao, bila kuogopa mtihani, hukisikiliza mbele ya skrini. Jambo hili lilimfanya mwalimu mmoja kijana wa Kiswahili, anayefundisha Migori na ambaye wazazi wake wanaishi ufuoni upande wa Homa Bay, autumie mwezi wa Agosti 2024, shule zilipofungwa, kutazama filamu na kuandika maoni mafupi katika daftari.

Alianzia kibandani, Migori mjini. Filamu ilikuwa ya mapigano, na jina lake halikumshughulisha mtu yeyote, kwa maana waliolipa kiingilio walikuja kuisikia sauti. Ilikuwa ya DJ Afro, ambaye kwa miaka mingi amezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mitaani. Tanzania imewahi kuwa na Lufufu; Uganda wako wenzao wasimuliao kwa Kiganda. Daftari lasema kwamba huyu ni mtambaji zaidi ya mfasiri. Huwabatiza wahusika majina mapya, huwakejeli, na huwaonya watazamaji kabla adui hajabisha hodi. Wazingatiao uaminifu wa tafsiri watakosa usingizi. Hata hivyo, vijana wa kibandani, ambao baina yao huzungumza Kidholuo, walitoka wakiirudia misemo yake hadi kituo cha matatu, na hakuna kipindi cha darasani ambacho mwalimu huyo amewahi kukimaliza kwa namna hiyo. Kasoro aliyoiona ni moja tu. Mtambaji wa ngano huisikia hadhira yake na kurefusha pale inapocheka, lakini huyu alikwisha kurekodiwa, na kicheko cha Migori humpita.

Juu ya Nairobi Half Life (2012) ya Tosh Gitonga aliandika kwamba nusu ya kwanza inashinda ya pili, kwa sababu Mwas akiwa kijijini, akiuza filamu na kuziigiza yeye mwenyewe mbele ya wanunuzi, ni kijana ambaye Migori yote inamjua. Akishaingia Nairobi anakuwa mhalifu ambaye filamu nyingi zinamjua. Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina ilipata mstari mmoja: mtoto mgonjwa anatengenezewa filamu na kijiji kizima, na hakuna anayehubiri.

Vuta N'kuvute ilimsumbua zaidi. Riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 ameisoma mara nyingi, na alipoitazama filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 alikuwa akivitafuta vilivyoachwa. Filamu haikuweza kuibeba riwaya nzima, nayo haikujaribu. Imechagua mapenzi ya Yasmin na Denge, bahari na vivuli vya vichochoro vya Zanzibar. Picha zake ni nzuri kiasi cha kutia wasiwasi. Katika kitabu umaskini wa Denge hunuka. Katika filamu hata ukuta uliobambuka unapendeza.

Juma la mwisho alipanda matatu kupitia Rongo hadi Homa Bay, kipakatalishi mkobani. Alikuwa na Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, iliyopigwa Mwanza, ambayo Watanzania waliiita filamu ya mapanki na ambayo Rais Kikwete aliilaani hadharani mwaka 2006. Inahusu samaki aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, akawala wenziwe, kisha akawa minofu ya kupelekwa Ulaya kwa ndege. Tanzania huitwa sangara. Kwetu ni mbuta. Mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa, kichwa na mkia vikiwa bado vimeshikamana, ndiyo mapanki. Ng'ambo hii ya ziwa huitwa mgongo wazi. Mama wa mwalimu huyo alikaanga na kuuza mgongo wazi kwa miaka mingi, na baba alimvua mbuta mwenyewe. Karo yote ilitoka humo.

Wakaitazama alasiri, watatu, sebuleni. Kiswahili cha Mwanza wazazi walikifuata bila msaada. Kiingereza cha manukuu alikitia katika Kidholuo, akajikuta akifupisha hapa na kuongeza pale kama yule wa kibandani. Walipofika kwa wanawake wanaoandamana na marubani, alinyamaza. Yako maneno ambayo mwana hayatamki mbele ya waliomzaa.

"Tafsiri tu, wuoda," mama akasema. "Hata hapa kuna jaboya."

Akatafsiri, macho kwenye skrini. Wasomaji wa mbali wafahamu kwamba jaboya ni ile biashara ambamo mwanamke hupewa samaki wa kuuza kwa sharti la kulala na mvuvi. Baba hakusema neno mpaka sehemu hiyo ilipopita.

Kisha yakaja mapanki: vichanja virefu, funza, mwanamke akitembea katikati ya mifupa. Hapa ndipo mtazamaji wa Ulaya hufumba macho. Mama alisogeza kiti karibu. "Wameanika kwa kubananisha, upepo hautapita," alisema. Baada ya kitambo akauliza, "Anauza kwa bei gani?" Mwalimu hakuwa na jibu la kumpa. Baba naye alitaka kujua yule Mzungu alikula nini muda wote aliokuwa Mwanza.

Maoni ya daftarini juu ya filamu hii ni marefu kuliko mengine yote. Yanasema kwamba kamera ni jasiri na hoja imekazwa kupita ushahidi: rubani anasimulia silaha alizopeleka Angola, na mtazamaji anaachwa aziweke mwenyewe ndani ya ndege za Mwanza. Yanakiri kwamba fulu walitoweka kweli, na baba aliwataja aina kwa aina. Lakini yanauliza pia kwa nini mwanamke wa mapanki aonyeshwe kama mwisho wa dunia, wakati mwenzake wa Homa Bay alimsomesha mtoto hadi chuo kikuu kwa mifupa hiyohiyo, na kama picha hizo zilikusudiwa kumfikia mtu kama yeye.

Ilibaki robo saa hivi filamu iishe, matone yakaanza kugonga mabati. Siku hizi mama huuza omena, na omena walikuwa wameanikwa uani juu ya nyavu. Wote watatu wakatoka mbio kuwakusanya.