Ramani ya Waya

Kisiwa cha Rusinga nilikijua kwanza kwenye saruji ya baraza, mtaani Kaloleni, Nairobi, miaka mingi kabla sijaliona ziwa lenyewe. Shangazi yetu, ambaye kwa desturi ya Wajaluo tulimwita Waya, alikichora kwa kipande cha makaa. Alianza na ukingo, mkono ukizunguka polepole kama anayepaka mafuta chapati, kisha akakiweka kilima cha Lunene katikati. Yakafuata majina: Kaswanga, Kamasengre, Waware, ufuo wa Litare, ufuo wa Kolunga. Magharibi, mbali kidogo, akachora duara la Mfangano. Upande wa bara akatia nukta ya Mbita. Kati ya Mbita na kisiwa aliacha nafasi ya upana wa kidole. "Hapa maji yanapita," alisema kila mara, na hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga hapo. Aliyeshindwa kuyataja majina yote alitumwa bombani na debe.

Kaloleni yetu nayo ilikuwa na mipaka ambayo mtoto aliijua kwa miguu. Upande mmoja Barabara ya Jogoo, ambayo wazee waliendelea kuiita Doonholm. Upande wa pili Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli, na nyuma yake reli yenyewe. Nyumba zetu zilikuwa za mawe, paa za vigae vyekundu, zimepangwa kuzunguka viwanja vya nyasi. Wazee walitueleza kwamba zilijengwa miaka ya 1940, na kwamba miongoni mwa mafundi walikuwemo mateka wa vita Waitaliano. Uwanja wa City ulikuwa karibu kiasi kwamba Jumapili, Gor Mahia ikicheza, hatukuhitaji redio. Kelele za goli na kelele za goli lililokosewa hazifanani, na kila mtoto wa Kaloleni alizitofautisha akiwa bado anacheza bano mchangani.

Waya aliuza omena. Alinunua magunia Gikomba, akayabeba kwa mkokoteni, akapima kwa gorogoro mbele ya mlango wake. Ni yeye aliyenifundisha kuusoma mwezi mahali ambapo hakuna aliyeuhitaji. Omena huvuliwa usiku, kwenye giza la mwezi, wavuvi wakiwasha karabai juu ya maji ili samaki wafuate mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu, nyavu hurudi nyepesi. Kwa hiyo siku chache baada ya mbalamwezi gorogoro ilipanda bei Kaloleni, na wanawake waliponung'unika Waya aliinua kidole angani. Mpaka leo nikiona mwezi mpevu juu ya Nairobi nafikiria bei ya omena kabla ya kitu kingine chochote.

Kisiwa kilitufikia pia kwa njia ya vifo. Mtu wa Rusinga akifia Nairobi, jioni zilizofuata watu walikutana, mara nyingi kwenye ukumbi wa mtaa. Mzee mmoja alikaa mezani na daftari, akaandika jina na kiasi, shilingi kumi, shilingi ishirini, mpaka gari na jeneza vikapatikana. Katika mikutano hiyo ndipo niliposikia habari za Tom Mboya zikisimuliwa si kama historia bali kama msiba wa nyumbani. Alikuwa mbunge wa Kamukunji, ng'ambo ya Barabara ya Jogoo, na mtoto wa kisiwa. Alipopigwa risasi mjini tarehe 5 Julai 1969, Waya alikuwa msichana aliyeolewa karibuni. Alitueleza jinsi alivyofikiria safari ya jeneza lile hatua kwa hatua, Nakuru, Kisumu, Homa Bay, mpaka Mbita, na kwamba alilia hasa alipofika, akilini mwake, kwenye ile nafasi ya kidole kimoja, mahali pa kuvushwa.

Nilikwenda mara ya kwanza Desemba 1984. Ulikuwa mwaka wa ukame, mwaka wa mahindi ya njano, na mizigo iligeuza njia: badala ya kisiwa kututumia samaki, sisi tulibeba unga. Basi liliondoka kituo cha Machakos Country Bus jioni. Asubuhi tulikuwa Kisii, mchana Mbita, na pale niliposubiri mashua nikaona tuta la mawe na udongo limeziba maji, magari yanapita juu yake. Tulivuka bila kulowa hata kiatu. Nilihisi nimenyimwa kitu.

Majina yalikuwa yote mahali pake. Nilimshangaza mjomba kwa kutaja ufuo kabla hatujaufikia. Lakini makaa hayakuwa yamechora kiu. Kisiwa kimezungukwa na maji, na bado wanawake walipanda miteremko mikavu na madebe kichwani, kwenye ardhi iliyopungukiwa miti. Dani, nyanya yetu, alizungumza nasi Kijaluo. Sisi tulijibu kwa Kiswahili chetu cha mtaani. Lakini usiku, akiomba peke yake, alitumia lugha ambayo sikuijua hata neno. Ilikuwa Kisuba, lugha ya watu waliovuka ziwa kutoka upande wa Uganda zamani. Hakumfundisha mtoto wake yeyote. Hilo linaniuma kuliko mengi niliyoyapoteza.

Niliporudi Kaloleni Waya alinihoji usiku kucha: nani yu hai, nani amehama, mtumbwi wa nani umeoza. Nilipomweleza habari za tuta alinyamaza. Wavuvi walikuwa wameniambia maji ya upande wa ghuba hayatembei tena, yanatuama, yanajaa tope. Jumapili iliyofuata alichora kisiwa kama kawaida, kisha akaifunga nafasi ile kwa mstari mnene. Akauchora hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, mbele ya watoto wetu, kisha mbele ya watoto wa majirani ambao hawakuwa na ndugu ziwani.

Daraja la kuchukua nafasi ya tuta lilipokamilika na tuta likafunguliwa, nilimpelekea habari hizo mwenyewe. Alikuwa hatoki nje tena bila kushikwa mkono. Akaomba apelekwe barazani, akaomba kaa, akachora polepole, mstari mnene ukiwemo, nadhani kwa mazoea. Kisha akalowesha kidole mdomoni, akainama, akaanza kuufuta.