Tumbo la Mama na Gauni la Biharusi

Leo sikuleteeni mishono. Nataka kukusimulieni tumbo la mama, jambo ambalo kwa muda mrefu nilikuwa nalionea haya.

Ilikuwa Februari 2021, mwezi aliofariki Maalim Seif, Allah amrehemu. Watu wanakohoa, na maneno yaliyokuwa mdomoni mwa kila mtu ni "changamoto ya upumuaji". Sisi kwetu hakuna aliyekohoa. Mama alianza kuendesha tu. Nikasema ni pweza wa jana, nikamkorogea pakiti ya ORS, nikarudi kwenye cherehani. Nilikuwa na gauni la biharusi, shanga zote za kutia kwa mkono, na harusi imebaki siku 9.

Siku ya pili akatapika, akakataa hata uji. Siku ya tatu nilikuta jagi la maji liko vile vile nilivyoliacha. Nilipomuuliza akanijibu kwa sauti ndogo: "Mwanangu, nikinywa nitakwenda chooni tena, na udhu wangu utakatika. Sala ntaisali vipi?" Mama ana sukari, na hakuwa amekunywa maji tangu asubuhi kwa ajili ya kuhifadhi udhu. Alipoinuka kwa Alasiri akaanguka mlangoni.

Hospitali walimbana kile kifaa kidoleni, oksijeni iko chini, na yeye hata hajalalamika pumzi. Kipimo kikatoka: korona. Nikamwambia daktari, "Lakini yeye ni tumbo." Alikuwa kijana mpole, akanieleza kuwa kirusi hiki huingia mwilini kwa kushika kitu kinachoitwa ACE2 juu ya seli zetu, na kitu hicho kimo kwenye mapafu na kimo kwa wingi kwenye utumbo mwembamba. Baadaye nilisoma kwamba hata mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Marekani, Januari 2020, mwanamme aliyetoka Wuhan, alifika na kikohozi na homa lakini pia siku mbili za kichefuchefu na kutapika. Alipolazwa akaharisha, na choo chake kilipopimwa, kirusi kikaonekana humo. Kumbe yalijulikana mapema. Sisi tuliambiwa kikohozi na homa, na kweli wengi huanza hivyo, tukayasahau mengine.

Si kila anayeharisha ana korona, tusitishane. Kipindupindu kipo, na chakula kilicholala kipo. Hata mama, tumbo lilipotulia kisha likarudi wodini, daktari alisema safari hii huenda ni dawa za antibayotiki. Kilichomuumiza zaidi ni ukavu. Mtu mzima mwenye sukari akikaukiwa maji, figo huwa hatarini haraka.

Na ile sala. Nilimpigia mwalimu wangu wa madrasa nikiwa nalia. Akasema mwenye udhuru wa mfululizo hujisafisha wakati wa sala ukiingia, akatawadha, akasali hapo hapo, kila fardhi na udhu wake, na kinachotoka baada ya hapo hakimdhuru. Asiyeweza maji anatayamamu. Nilipompelekea mama habari hizi alifumba macho, kisha akaomba maji. Alikunywa gilasi nzima. Miaka yote tunafundishwa masuala ya hedhi na nifasi, hili hatukufundishwa, au lilipita tukiwa tunacheka nyuma ya darasa.

Lililobaki lilikuwa zito kwangu. Siku ya pili ya maradhi ya mama, biharusi alikuja kujaribu gauni. Alikaa chumba kimoja na mama, akamshika mkono akampa pole, na kwao kuna bibi mzee. Nilijua nikisema nitapoteza kazi, na jina la duka litavuma vibaya. Nilikaa na simu tangu Magharibi mpaka Isha. Nikampigia. Akanyamaza, halafu akasema, "Ahsante dada, bibi tumuhamishie kwa ami leo leo." Arbuni nilirejesha bila kuombwa. Gauni alimaliza fundi mwengine.

Mama alilazwa siku 11. Kurudi nyumbani nilimtengea choo chake na sabuni yake, maana kirusi kinaweza kuonekana kwenye choo hata kipimo cha pua kikishakuwa safi. Pweza bado hataki kumuona, na mimi sijamwambia kwamba yule pweza hakuwa na kosa.