Ngoma za Wakanda, njia ya Kiirua

Safari ya Nairobi hadi Kiirua kupitia Embu ni ndefu, na mtoto akiachiwa achague muziki garini, huenda akataka nyimbo za filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, hasa "All the Stars" wa Kendrick Lamar na SZA.

Si vibaya. Lakini mzazi, mweleze pia kuhusu ngoma ya mfalme T'Challa. Mtunzi Ludwig Göransson, mzaliwa wa Sweden, alisafiri hadi Senegal, akaandamana na mwimbaji Baaba Maal, akarekodi tama, ngoma ndogo ya kubanwa kwapani. Mwaka 2019 muziki huo ulimpa tuzo ya Oscar.

Nanyi mkivuka mto Thuci mmeingia kwa Wachuka, mafundi wa ngoma ndefu za kubanwa mapajani. Mgeni alivuka bahari akitafuta ngoma. Sisi tunazipita mbio.

Mkifika Kiirua, kwenye mashamba ya viazi na ngano, mwombeni babu awasimulie ngoma za ujana wake. Huenda hajawahi kurekodiwa. Simu iliyocheza nyimbo za Wakanda njia nzima yaweza kumrekodi jioni hiyo hiyo.