Mizani na Mpanda Baiskeli

Mizani, kwa mshairi, ni hesabu ya silabi katika mshororo. Sokoni ni chombo cha kupimia uzito. Usoke, magharibi ya Tabora, huijua zaidi hiyo ya pili, kwani wilaya ya Urambo ni nchi ya tumbaku, na jasho la mkulima la mwaka mzima huishia juu ya mizani. Kabla ya tumbaku ilikuwako frasila. Misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, kisha ikashika njia ya Ujiji, ilimtwika mpagazi wa Kinyamwezi mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mzigo ulipimwa kwa makini. Nguvu za aliyeubeba hazikupimwa na mtu.

Siku hizi kipo chombo cha kumpima mbebaji mwenyewe. Hufungwa kwenye baiskeli, kikahesabu kila sekunde nguvu ipitayo miguuni, na kipimo chake ni wati. Wati moja yatosha kunyanyua gramu 100 hivi kwa mita moja katika sekunde moja.

Tarehe 14 Julai 2015, katika Tour de France, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyelelewa kimchezo na David Kinjah wa Kikuyu, alipanda mlima wa La Pierre-Saint-Martin: kilomita 15.3, mwinamo wa asilimia 7.4. Akawaacha wenzake wote, wa pili akifika sekunde 59 nyuma yake. Shangwe hazikudumu. Televisheni ya Ufaransa ilitoa makadirio ya wati 7.04 kwa kila kilo ya mwili wake, tarakimu iliyonong'ona habari za dawa haramu. Siku nne baada ya ushindi ule, mtazamaji mmoja alimrushia mkojo barabarani.

Timu yake ikalazimika kufungua daftari. Dakika 41 na nusu, wastani wa wati 414, uzito kilo 67.5. Ukigawa, wapata 6.13. Lakini gurudumu la meno la baiskeli yake halikuwa duara kamili, lilikuwa na umbo la yai, na timu ikaeleza kuwa umbo hilo huidanganya mashine kwa asilimia 6 hivi. Ikabaki 5.78. Mwenye kalamu anaweza kujihakikishia kiasi: mtu, baiskeli na mavazi, kilo 76 tuseme, kunyanyuliwa mita 1,130 kwa muda ule ni karibu wati 340. Zilizosalia ni za upepo, lami na mnyororo. Hesabu inakaa. Hata hivyo wenye shaka hawakushawishika, na hapo hapana ajabu: mshororo wenye mizani kamili haumlazimishi msikilizaji kuuamini. Namba zilisema miguu yake ilitoa nguvu kiasi gani. Nguvu hiyo ilitoka wapi, hazikuwa na mdomo wa kusema.

Ama mpanda baiskeli wa Usoke hashukiwi na mtu. Achukuliwe mwanamume wa kilo 60, baiskeli ya chuma ya kilo 20, na kilo 80 za mahindi zilizofungwa kwa mipira juu ya keria. Kwenye lami, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, wati 40 au 50 zamtosha. Akiingia njia ya mchanga, uzito uleule na mwendo uleule humdai karibu wati 140, nao mchanga haushuki mteremko upande wa pili kama mlima wa Ufaransa. Kwa kilo ya mwili wake ni wati 2 na ushei. Ni tarakimu ya kuchekesha mbele ya 5.78, na huo ndio upungufu wa kugawa kwa uzito wa mwili peke yake: mzigo haumo katika kigawanyo. Froome alibeba chupa ya maji. Huyu amebeba zaidi ya uzito wake, kwa saa nyingi, na kesho arudi.

Akifika sokoni huteremsha gunia, likawekwa juu ya mizani. Yeye husimama kando, shati limemganda mgongoni, macho hayabanduki kwenye mshale.