Kachukua Dhahabu ya Olimpiki, Watu Wakaona Nywele Tu

Agosti 2, 2012, London. Binti wa Kimarekani, miaka 16 tu, anavishwa medali ya dhahabu. Ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa jumla wa jimnastiki kwenye Olimpiki, na hiyo ni dhahabu yake ya pili ndani ya siku tatu. Unadhani mtandaoni watu walikuwa wanajadili nini? Nywele!

Alikuwa kazibana nyuma kwa jeli na vibanio, kama wanajimnastiki wenzake. Lakini Twitter ikawaka: mbona za pembeni hazijalala? Hana mtu wa kumtengeneza? Kilichouma zaidi, baadhi ya waliomchamba walikuwa dada zake weusi. Mwenyewe alibaki kushangaa: katoka kuandika historia, watu wako bize na kichwa chake.

Majaji sasa, ambao kazi yao ni kutafuta makosa, hawakuona shida yoyote. Na wale si watu wa kupitwa na kitu. Kwenye mchezo huu bangili na mkufu ni marufuku, hereni ni zile ndogo za kipini tu. Leotadi, ile nguo ya kubana ya kipande kimoja, haitakiwi kukatwa pajani kupita mfupa wa nyonga. Kosa la mavazi linaweza kukugharimu alama 0.30. Inaonekana ndogo, eti? Yule binti alimzidi mshindi wa pili kwa 0.259 tu. Kwa hesabu hiyo, bangili moja iliyosahaulika mkononi ingetosha kuondoka na dhahabu.

Ndiyo maana wasichana wa mchezo huu wanakua wakijikagua kila dakika. Na kuna mambo wanayavumilia wakidhani ni sheria, kumbe wala.

Aprili 2021, mashindano ya Ulaya pale Basel, Uswisi. Binti wa Ujerumani, miaka 21, akaingia ukumbini na vazi lililomfunika miguu hadi kwenye vifundo. Wenzake wawili wakafuata. Alieleza kwamba utotoni leotadi haikumsumbua, ila alipovunja ungo na hedhi ikaanza, akazidi kukosa raha. Hebu vaa viatu vyake: uko kichwa chini miguu juu, kamera zinakufuata, na bado unawaza kama nguo imepanda au haijapanda. Wanaume kwenye pete wanavaa suruali ndefu, kwenye sakafu bukta, na hakuna anayewauliza.

Wengi wakadhani mabinti wale wamevunja sheria. Wapi! Vazi refu lilikuwa linaruhusiwa kabla yao. Waliokuwa wakilivaa walikuwa wachache, zaidi kwa sababu za dini. Wengine hawakuthubutu, maana mazoea yalishakuwa sheria bila kuandikwa popote. Miezi michache baadaye, kwenye Olimpiki ya Tokyo, timu nzima ya Ujerumani, mabinti wanne, ikatinga hivyohivyo.

Mlango ukafunguka. Mwaka 2024 New Zealand iliruhusu wasichana kuvaa bukta au taiti juu ya leotadi, na ikaacha kukata alama eti kwa sababu kamba ya sidiria imeonekana. Fikiria hilo: kuna mtoto alikuwa anaweza kupoteza alama kwa sababu amekua na anavaa sidiria.

Yule wa London na yule wa Basel hawajafanana kwa mengi, ila wote wawili walibanwa na kitu ambacho hakimo kwenye kitabu cha majaji. Ni macho ya watu.

Kwa hiyo siku ukitaka kukomenti nywele za binti aliyetoka kupinduka hewani akatua kwa miguu miwili, jiulize kwanza: majaji wamemkata? Kama hawajamkata, wewe unamkata za nini?